Kioo Chembamba na Siku ya Kunyoa

Skola mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi nimekuona ukinywa uji umesimama, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Sasa uko Kiberege kumuaga bibi yako, na jioni utarudi. Mimi nimekaa barazani. Tunalala nyumba moja na bado nakuandikia, najua utashangaa. Tangu mazishi maneno yananitoka machache: funga kuku, weka maji, kula. Nimeona nikishika kalamu yanatoka zaidi kidogo.

Jana uliniuliza mbele ya ndugu wote, "Mama, niende au nibaki?" Sikukujibu. Nilikuwa naangalia mkeka pale ulipofumuka, nikifikiria nani atausuka tena. Ukangoja, kisha ukainuka ukaenda uani, na hakuna aliyekufuata, hata mimi. Barua hii ndiyo jibu lako. Sitaanza nalo kwa sababu nikishalisema nitaacha kuandika, na yapo mengine nataka uyajue.

Usimkasirikie shangazi yako Filomena. Hakusema kwa ubaya. Kwetu mtoto wa marehemu ndiye anayenyolewa wa kwanza siku ya kuanua tanga, na asipokuwepo husemwa kwamba anatembea na msiba kichwani, kila aendako. Wewe ndiye mtoto pekee wa kaka yake. Siku ya kunyoa bado, na treni yako ni kesho. Shangazi anamwona kaka yake amelala kule makaburini halafu hakuna wa kumfungulia mlango. Ndicho anachokiogopa. Yale mengine yalikuwa hasira tu. Uliyasikia, lakini nayaandika ili ujue kwamba na mimi niliyasikia.

"Vioo!" alisema. "Kaka yangu ameziba pancha za mji mzima, mgongo umepinda, ili mtoto akatengeneze vioo Ulaya? Vioo si vimejaa hapo sokoni?"

Watu wakacheka. Kwenye msiba watu hucheka kwa urahisi, wamechoka kukaa kimya. Wewe ukanitazama, maana siku chache kabla ulikuwa umenieleza vizuri kazi yako ni nini, na nilikuwa nimeelewa. Ningeweza kusema. Maneno matatu yangetosha. Nikaangalia mkeka.

Sijui kama unakumbuka jinsi nilivyokutoa kwenye banda la baba yako. Ulikuwa darasa la tatu. Ulikuwa ukitoka shule unakwenda moja kwa moja kule barabarani, unakaa kwenye debe, unashika rimu huku yeye akikaza spoki. Ulirudi nyumbani na grisi mpaka kwenye nyusi. Siku moja mama mmoja wa jumuiya aliniambia, "Mama Skola, huyo binti au fundi? Nani atamwoa na kucha zile?" Nikaona aibu. Kesho yake nikakuambia ukitoka shule uje moja kwa moja kupepeta mchele. Hukubisha. Ulipepeta vizuri kuliko mimi. Baba yako naye lile debe hakulitoa. Lilikaa pale pale miaka yote, wateja wakilikalia aliwaambia, "Kaa hapa kwenye benchi, hilo lina mwenyewe." Nililiona kila nilipompelekea chakula. Nilidhani nitasahau kwa sababu ni kitu kidogo.

Kuna kisa kingine, hiki hukijui. Wewe ulikuwa sekondari, bweni. Baba yako alikwenda Mlimba kwenye maziko, akaniachia banda ili nipokee tu baiskeli, nisiguse. Akaja kijana wa Kisukuma, ana safari ndefu na gunia la mchele, gurudumu la nyuma linayumba. Akanibembeleza, "Mama, kaza tu hizo zilizolegea, mimi nifike." Nikasema hii ni kazi gani? Nimemwona mume wangu akifanya miaka yote. Nikapindua baiskeli miguu juu, nikachukua spana, nikapapasa spoki moja moja. Kila iliyolegea nikaikaza, ngumu kabisa. Niliona raha. Kijana akashukuru, akapakia gunia, akapanda. Hakufika hata kwenye kona. Gurudumu lilijikunja kama chapati, mchele ukamwagika barabarani na kuku wa mji mzima wakaja.

Baba yako aliporudi hakunifokea. Aliliangalia lile gurudumu muda mrefu, akasema, "Umekaza pale ulipoona shida." Nikamuuliza ningekaza wapi. Akasema, "Ukivuta hapa, kule kunahama. Unavuta kidogo, unaangalia zima, unalegeza upande wa pili. Halafu tena." Kisha akacheka kwa sababu ya kuku.

Nakuambia haya kwa sababu ndivyo nilivyokulea. Nilikaza pale nilipoona pamelegea. Kucha zina grisi, nikakaza. Unaangalia angani badala ya kuangalia sufuria, nikakaza. Sikuangalia zima. Kama wewe hukujikunja, si kwa kazi yangu. Nadhani baba yako alikuwa akilegeza upande wa pili nisipoona.

Ugonjwa wake nilikuambia kwenye simu kwamba ni malaria. Nataka ujue sikukuficha. Ilikuwa malaria kweli. Watu hupata malaria hapa kila msimu wa mvua, wanalala, wanaamka, wanakwenda shamba. Tulimpeleka hospitali kwa baiskeli, nikiwa namshika kwa nyuma, na njiani alikuwa akisikiliza mnyororo. Alisema, "Huu unataka mafuta." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyaelewa. Ningependa yawe mengine ili nikuletee, lakini ndiyo hayo.

Ulichelewa mazishi kwa sababu ndege hazipatikani kwa kutaka, na joto la huku halisubiri. Watu wamekueleza mengi kuhusu siku ile lakini nimesikia hakuna aliyekueleza habari ya mtani. Labda waliona si adabu. Unamjua, yule mzee wa Kingoni anayeuza tumbaku karibu na mashine ya kukoboa. Alikuja jeneza likiwa bado uani. Akaingia ndani bila hodi, akatoka amevaa aproni ya baba yako na ile kofia yake. Akachukua gurudumu ukutani, akalizungusha mbele ya uso, jicho moja amelifumba, mdomo upande, vile vile. Mtu mmoja nyuma akapiga ukelele. Mtani akasema kwa sauti ya baba yako, "Hii? Aa. Njoo kesho."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Kwa sababu nani Ifakara hakuwahi kuambiwa njoo kesho na baba yako? Mtani akaendelea, "Maisha yake yote njoo kesho, njoo kesho. Leo kaondoka mwenyewe hata hakusema turudi lini! Mtu gani huyu? Ndiyo maana sisi tuliwapiga vitani, hawa watu hawana saa!" Shangazi yako alicheka huku analia, kitambaa mdomoni.

Mimi sikucheka. Niliona kila kitu, kofia, jicho, gurudumu likipunguza mwendo. Nilijua kwamba ni kitu cha kuchekesha na kwamba ni kitu cha kuliza. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba chumba cha pili kuna redio. Mpaka leo ndivyo nilivyo, Skola. Sijalia. Wanawake wa jumuiya wananisifu kwamba nina imani, nami nawaachia. Kama na wewe hujalia, na nadhani hujalia, usijilazimishe ili watu waone. Usijione huna moyo. Mimi nafanya kazi, nakula nikipewa, namwagilia mchicha. Naona siku zinapita upande wa pili wa barabara.

Siku ile uliponieleza kazi yako, tulikuwa tumerudi kutoka shambani. Jua kali, mabua ya mpunga yamechomwa, na ng'ombe wa watu walikuwa mbali kule ng'ambo ya mbuga. Ukasema, "Mama, angalia miguu ya wale ng'ombe." Ilikuwa inacheza, kama wamesimama kwenye maji. Ukasema, "Ng'ombe hawachezi. Ni hewa ya moto iliyo katikati yetu na wao. Na nyota ni hivyo hivyo, inametameta kwa sababu ya hewa. Yenyewe imetulia." Nikasema kumbe. Miaka yote nimewaimbia watoto wa kanisani kuhusu nyota kumetameta, na nyota haina habari.

Ukaendelea, nami kwa mara ya kwanza sikukuambia twende haraka. Ukasema darubini ikiwa kubwa sana, kubwa kama nyumba, haisaidii kitu kama hewa inacheza, inaona tu kucheza kukubwa zaidi. Kwa hiyo mnatengeneza kioo chembamba, chembamba kama ukoko wa wali, kipana kuliko ungo wangu, na nyuma yake mnabandika sumaku ndogo ndogo, mamia. Kuna kifaa kinaangalia nyota na kuona hewa imeupinda mwanga namna gani, halafu zile sumaku zinasukumwa na kuvutwa, na kioo kinapinda kinyume chake, na mwanga ukitoka hapo umenyooka. Na kabla hujafumba jicho hewa imeshabadilika, na kioo nacho kimeshapinda upya. Nikakuuliza, "Hakichoki?" Ukacheka. Nilifurahi kwamba umecheka, yaani nilijua kwamba hilo ni jambo la kufurahia.

Nilikuwa nimekaa na neno moja maisha yangu yote, kwamba kitu kizuri ni kile kisichopinda. Sijalitupa. Lakini nimeliweka pembeni niliangalie.

Unakumbuka kile kioo cha kwanza kilichopasuka? Ulipiga simu posta asubuhi moja, tukaitwa, baba yako akakimbia na aproni yake. Nilisimama karibu nikisikia upande wake tu. Alisema, "Pole. Mlikuwa mmekishika wapi?" Akasikiliza. "Na gundi?" Akasikiliza tena. "Basi mseme kosa mapema, kabla haijakauka. Ikishakauka kila mtu anakuwa mkweli lakini haisaidii." Tulirudi kwa miguu na njia nzima alikuwa akitabasamu. Nikamuuliza anafurahia nini na kitu kimevunjika. Akasema, "Ameniuliza. Wana maprofesa kule, na ameniuliza mimi." Sidhani kama jibu lake liliwafaa kitu, nawe hukuwahi kusema. Nakuachia hiyo asubuhi. Alitembea nayo mpaka mvua zilipoanza.

Sasa nakuambia nilichofanya leo.

Ulipopanda basi la Kiberege nilijifunga khanga nikaenda Kibaoni kwa shangazi yako. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwambia, "Wifi, nimekuja kusema nilichoshindwa kusema jana."

"Kaa kwanza," akasema. "Umekula?"

"Nimekula. Wifi, kile kioo si cha kujitazamia." Nikamweleza. Nilimweleza kwa ng'ombe na kwa mpunga, kama ulivyonieleza, na mahali niliposahau nikaweka gurudumu la baiskeli. Alinisikiliza huku akitupa mawe ya maharage.

"Kioo kinachopinda," akasema. "Wifi, wewe una homa?"

"Sina."

"Na hiyo nyota itakimbia? Hicho kioo kikingoja wiki chache kitaoza?"

Nikamwambia hakiozi. Nikamwambia kwamba sasa wamefika kwenye kubandika sumaku, moja moja, kwa mkono, na walioruhusiwa kubandika ni wachache, na Skola ni mmoja wao. Wamesimamisha kazi tangu alipokuja msibani. Wakianza hawawezi kuacha katikati, na asipofika watampa mwingine nafasi yake na kioo kitakuwa cha huyo mwingine. "Hataniambia kwamba imemuuma," nikasema. "Atapepeta mchele, vizuri kuliko mimi."

Shangazi akaacha kutupa mawe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sitaki kumzuia mtoto. Lakini nani atanyolewa kwa ajili ya kaka yangu? Niambie wewe. Nani?"

Hapo ndipo niliposema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nikasema, "Anyolewe kesho."

"Tanga halianuliwi nusunusu, wifi! Siyo mkate."

"Tanga lako na langu libaki mpaka siku yake. Tutanyolewa pamoja na wote. Lakini yeye anyolewe kesho alfajiri, wa kwanza, kama inavyotakiwa awe wa kwanza. Wa kwanza ni wa kwanza tu, hata kama wa pili atachelewa."

Alinitazama kama ananiona leo. Akasema, "Sijawahi kusikia." Nikasema hata mimi. Akasema, "Wembe anashika mtani. Akikataa, usinilaumu." Akaacha maharage vile vile kwenye ungo, tukaenda wote.

Mtani alikuwa amelala nyuma ya meza yake ya tumbaku. Shangazi akamwamsha kwa mguu. "Wewe mla panya, amka, kuna kazi." Tukamweleza. Akakaa akijikuna, akafanya kama anafikiri sana.

"Kumnyoa mtu kabla ya siku ni kazi ya hatari," akasema. "Marehemu anaweza kuniuliza. Nitataka jogoo."

"Jogoo wa nini, mwizi wewe? Ulishaondoka na kofia!" Shangazi akamwambia.

"Kofia ilikuwa ya msiba. Jogoo ni wa kioo. Na msiponipa namnyoa mpaka nyusi, huko Ulaya wamwone kama yai."

"Utapewa kuku jike, tena mzee."

"Mzee kama wewe? Basi sawa, nimezoea."

Shangazi akampiga na khanga. Kisha yule mzee akaacha mzaha. Akanigeukia mimi, akasema, "Mama Skola, mtoto asiondoke na hicho kitu kichwani. Ana kazi ya kutumia macho. Nitakuja jogoo wa pili akiwika." Nikamwambia asante. Akasema, "Usinishukuru, mtani hashukuriwi." Nikarudi nyumbani. Nilipofika uani nikagundua kwamba nimesema maneno mengi kuliko niliyoyasema tangu tulipozika.

Basi jibu langu ni nenda. Nilipaswa kukupa jana, mbele ya wote, ulipolihitaji. Nimelipeleka kwanza Kibaoni na sokoni ndipo nimelileta kwako, na kwa hilo naomba unisamehe. Nimejifunza kwamba watu husoma kunyamaza kwangu kama uvumilivu, lakini mara nyingi ni kwamba nimeshindwa tu. Ukijikuta umenyamaza mahali kwa namna hiyo, usingoje kesho yake kama nilivyongoja. Mtu aliyekuuliza anakuwa amesimama uani peke yake.

Sitakuambia uvae nini wala ule nini. Kule umeishi, unajua. Nina ombi moja tu. Kioo kikiwa tayari, na kikianza kupinda kama ulivyosema, niandikie kwamba kimeanza. Usinieleze kitu kingine siku hiyo. Nitaisoma nikiwa nimekaa, na labda hapo nitalia, au sitalia. Vyovyote vile nitakuwa nimekuelewa.

Nakuwekea barua hii juu ya begi lako uisome leo hii kabla ya kulala, maana kesho hakutakuwa na nafasi ya maelezo. Nitatandika mkeka uani, upande usiofumuka. Utakaa chini umeelekea mashariki. Shangazi amesema kichwa atakishika yeye mwenyewe, hataki mtu mwingine akiguse. Nywele zako nitazizika mimi, pembeni ya kaburi la baba yako, treni ikishaondoka. Maji nimeshachota, na wembe ni mpya.

Mimi mama yako,
ninayebaki na tanga mpaka siku yake.